Skripti yako na printa ya mtandao: poti 9100, LPD, CUPS au Windows?

Kuandika skripti inayotoa orodha ya mauzo siku hizi si shughuli kubwa. Shughuli inaanza mwenye ofisi anaposema, "Sasa fundi, nataka itoke kwenye karatasi, kwenye ile printa ya chumba cha pili, bila mtu kubonyeza kitu." Hapo mafundi wa hapa Tanga hugawanyika. Mmoja anarusha data moja kwa moja kwenye printa, mwingine anasimika CUPS, programu inayopanga kazi za kuchapa kwenye foleni, wa tatu anaiachia Windows ifanye inavyojua, na kila mmoja anaapa kwamba njia yake ndiyo nyepesi.

Kwa kweli zote ni nyepesi. Ukishazijua, hakuna inayozidi mistari michache. Zinapoachana mbali ni siku ambayo printa haijibu: umeme umekatika Chumbageni, roli ya risiti imeisha, au mtu kachomoa kebo ya mtandao ili achomeke laptopu yake. Siku hiyo swali ni moja tu: karatasi ikichelewa nusu saa, bado ina faida, au imeshakuwa hasara? Matokeo ya mtihani yakitoka saa nne badala ya saa tatu, hakuna aliyeumia. Oda ya chakula ikitoka jikoni nusu saa baada ya mteja kuondoka, umepika chakula cha bure. Nitazipima njia zote kwa swali hilo, kwa sababu ndilo linaloamua, na mara nyingi ndilo lisiloulizwa.

Kwanza ujue printa yako inaelewa nini

Printa husubiri lugha yake. Kuna PCL ya HP, PostScript ya Adobe, ESC/POS ya Epson ambayo printa nyingi za risiti huifuata hata kama si za Epson, na printa nyingi za miaka ya karibuni hupokea PDF moja kwa moja. Printa ya ofisini yenye PCL ukiitumia maandishi matupu itayachapa. Lakini lipo kundi kubwa la printa za bei nafuu zisizojua herufi hata moja: kompyuta ndiyo inayochora ukurasa mzima, printa inapokea picha iliyokwisha kuandaliwa. Canon LBP2900, unayoikuta kwenye steshenari nyingi, iko kundi hilo. Inatumia lugha inayoitwa CAPT, na juu ya hapo haina mtandao kabisa, ni USB tu. Ukiwa na hiyo, nusu ya makala haya haikuhusu: lazima pawe na kompyuta mbele yake yenye draiva (programu ya kuiendesha printa), na skripti yako itazungumza na kompyuta hiyo.

Namna ya kujua ni kuchapa ukurasa wa taarifa kutoka kwenye menyu ya printa yenyewe. Ukiona PCL 5, PCL 6, PS au PDF vimeorodheshwa, una uhuru wa kuchagua. Usipoona chochote, usijaribu kubahatisha kwa kutuma maandishi; utatoa rimu nzima ya takataka.

Poti 9100: unamwaga, inachapa

HP ndio walioizoesha dunia poti hii, yaani mlango wa mtandao wenye namba 9100, kupitia kadi zao za JetDirect, na watengenezaji wengine wakafuata. Haina sarufi wala salamu. Unafungua muunganisho wa TCP, unamwaga baiti, unafunga. Kwenye Linux hata programu ya ziada huhitaji, Bash yenyewe inatosha:

```
cat orodha.txt > /dev/tcp/192.168.1.50/9100
```

Ukijaribu hivyo hivyo na printa ya PCL, karatasi ya kwanza itakushangaza. Faili la Linux humaliza mstari kwa herufi moja ya kushuka, bila ile ya kurudi kushoto. Printa inatii ilichoambiwa: inashuka, hairudi, na maandishi yanateremka kama ngazi mpaka yanatokea ukingo wa kulia. Pia ukurasa wa mwisho unaweza kubaki ndani, taa inawaka na kuzima, printa ikisubiri ujaze nafasi iliyobaki. Yote mawili yanatibiwa kwa amri fupi za PCL:

```
{ printf '\033E\033&l26A\033&k2G'; cat orodha.txt; printf '\033E'; } | nc -N 192.168.1.50 9100
```

Ya kwanza inaisafisha printa, `&l26A` inachagua A4, `&k2G` inaiambia kwamba kila kushuka kuambatane na kurudi kushoto, na `\033E` ya mwisho inausukuma ukurasa uliobaki nje. Hiyo `-N` inafanya `nc`, programu ya kumwaga baiti mtandaoni, ifunge muunganisho data ikiisha. Si kila toleo la `nc` linaijua. Kwenye toleo la zamani la Debian utatumia `-q 1`. Usipoweka lolote, skripti inaweza kukaa imening'inia hadi asubuhi ikisubiri printa iage.

Sasa udhaifu wake. Skripti ikimaliza bila kosa, maana yake ni kwamba mfumo wa kompyuta yako umezipokea baiti ili uzipeleke, basi. Haisemi kwamba karatasi ilikuwepo, haisemi kwamba tona ilitosha, haisemi kwamba ukurasa wa saba haukukwama. Tena printa nyingi ndogo hupokea muunganisho mmoja tu kwa wakati: kompyuta mbili zikigongana, ya pili inasubiri au inakataliwa, na kama hukuandika cha kufanya ikikataliwa, kazi hiyo imepotea bila kuacha alama.

Ndiyo maana siipendi kwa ripoti. Lakini kuna mahali ambapo siwezi kuibadilisha na nyingine, nako ni jikoni.

Chukua mgahawa upande wa Raskazone. Mhudumu anaandika oda kwenye simu au tableti, skripti iliyoko kwenye kompyuta ndogo ya kaunta inaituma kwenye printa ya risiti iliyo ukutani karibu na jiko. Tiketi ni mistari mitano au sita. Mpishi amesimama hapo hapo. Oda ya namna hii inaoza kama samaki: ama itoke sasa hivi, ama mhudumu aambiwe sasa hivi kwamba haikutoka ili aende mwenyewe kwa miguu. Foleni hapa ni adui. Umeme ukirudi baada ya dakika arobaini, foleni itazimimina oda zote zilizokwama, na mpishi mgeni ataanza kukaanga.

Uzuri ni kwamba printa za ESC/POS si bubu kwenye poti hii. Ukiituma baiti tatu, 10 04 04 kwa heksadesimali, printa inayofuata utaratibu huo inarudisha baiti moja ya hali ya karatasi. Kwa hiyo unaweza kuuliza kabla ya kutuma:

```
import socket

def tuma(tiketi):
    with socket.create_connection(("192.168.1.60", 9100), timeout=5) as s:
        s.sendall(b"\x10\x04\x04")
        hali = s.recv(1)
        if not hali or hali[0] & 0x60:
            raise RuntimeError("printa haijibu au roli imeisha")
        t = tiketi.replace("\u2019", "'").replace("\u2018", "'")
        s.sendall(b"\x1b@" + t.encode("cp437", "replace")
                  + b"\n\x1dV\x42\x00")
```

Mstari wa `replace` usiupuuze. Kiswahili kinaandikika kwa herufi za kawaida tupu, kwa hiyo watu hudhani hawana tatizo la herufi. Tatizo linakuja kwa ng'ombe. Simu nyingi huigeuza alama ya ritifaa kuwa ile iliyopinda, ambayo katika UTF-8 ni baiti tatu. Printa ya risiti ikiwa kwenye jedwali lake la kawaida la herufi, CP437, inazisoma kama herufi tatu, na jikoni inafika "supu ya ngΓÇÖombe". Mpishi ataelewa, lakini mwenye mgahawa atakupigia simu.

Upana nao uupange kabla. Kwenye roli ya milimita 80, fonti ya kawaida ya printa hizi inaingiza herufi 48 kwa mstari; kwenye ya milimita 58 ni 32. Jina la chakula, idadi na meza vipangwe humo. Kama hutaki kuhangaika na baiti, maktaba ya python-escpos inakufichia zote, ila ujue ndani yake inafanya haya haya.

Na kwa kuwa watu huuliza: tiketi hii si risiti ya mauzo. Risiti inayotambuliwa na TRA inatoka kwenye mfumo wa EFD (wa risiti za kodi za kielektroniki), na hakuna skripti ya poti 9100 inayoweza kusimama mahali pake.

LPD: mzee wa poti 515

Hii nitaipita haraka. Ni itifaki iliyotoka kwenye mifumo ya BSD na kuandikwa kama RFC 1179 mwaka 1990. Ina wazo la foleni yenye jina, kwa hiyo lazima ulijue jina ambalo printa inalitaka. Mara nyingine ni `lp`, mara nyingine ni neno refu lililoko kwenye kitabu cha maelekezo. Kwenye Windows, ukishaiwasha kama kipengele cha ziada, amri ni:

```
lpr -S 192.168.1.50 -P lp orodha.txt
```

Kwa faili lisilo maandishi, mfano PCL au PDF, unaongeza `-o l`. Kwenye Linux kuna mtego: `lpr` inayokuja na CUPS, ijapokuwa ina jina lile lile, haizungumzi LPD na printa. Ukiipa `-H` na anwani, inatafuta seva inayoelewa IPP, itifaki nyingine ya kuchapa nitakayoieleza hapa chini. Mtu anaweza kupoteza siku nzima hapo.

Ninaitumia LPD kwenye hali moja tu, ya mashine kongwe au kisanduku cha zamani cha kuunganishia printa kisichojua kingine. Ukilinganisha na 9100 inakupa jina la kazi na la mtumaji, lakini habari za karatasi kuisha au kukwama huzipati kwa namna ya kutegemewa. Kama printa yako ina poti 515 na 631 (ya IPP) zote, usipoteze muda na ya kwanza.

IPP na CUPS: kazi ina mwenyewe

Hapa ndipo ninapopeleka wengi. IPP inapita juu ya HTTP, kwenye poti 631, na toleo lake la 1.1 limeandikwa upya kama RFC 8011 mwaka 2017. Tofauti yake na 9100 ni kwamba kuna mazungumzo. Unaiuliza printa inapokea aina gani za faili, ina karatasi gani, wino umebaki kiasi gani. Unaipa kazi, inakupa namba. Unaiuliza kuhusu namba hiyo, inakujibu. Hata bila kusimika foleni yoyote unaweza kuichungulia:

```
ipptool -tv ipp://192.168.1.50/ipp/print get-printer-attributes.test
```

Katika majibu tafuta `printer-state`: 3 ni kwamba iko tayari, 4 inafanya kazi, 5 imesimama. Kisha `printer-state-reasons`, ambako `media-empty` ni karatasi imeisha na `toner-low` inajieleza. Na `document-format-supported` itakuambia kama inapokea `application/pdf`. Hayo matatu yangetosha kumaliza simu nyingi tunazopigiwa.

Ila skripti yako haina haja ya kuongea IPP yenyewe. Iachie CUPS. Michael Sweet alianza kuiandika miaka ya 1990, Apple wakaichukua kwa ajili ya Mac, na siku hizi kundi la OpenPrinting ndilo linaloiendeleza upande wa Linux. Printa yenye IPP Everywhere au AirPrint haihitaji draiva yoyote:

```
lpadmin -p ofisi -E -v ipp://192.168.1.50/ipp/print -m everywhere
./mauzo.py | lp -d ofisi -t "Mauzo ya leo" -o media=A4
```

Basi. Mstari wa pili ndio wote unaobaki kwenye skripti. Ngazi za mistari zimetoweka, kwa sababu CUPS inayachora maandishi yenyewe. Ritifaa iliyopinda inatoka ilivyo. Faili likiwa PDF, amri ni ile ile. Unarudishiwa namba, mfano `ofisi-41`, na kwa `lpstat -o ofisi` unaona kilichobaki, kwa `lpstat -W completed -o ofisi` unaona kilichokwisha, kwa `cancel ofisi-41` unafuta.

Usiache `-o media=A4`. Mifumo mingi ikisimikwa kwa lugha ya Kiingereza cha Marekani hudhani karatasi ni Letter, na printa itasimama ikiomba karatasi ambayo hapa Tanga hutaipata duka lolote.

Umeme ukikatika, kazi ziko kwenye diski, chini ya `/var/spool/cups`, na ukirudi zinaendelea. Hilo ndilo linaloifanya ifae kwa shule. Skripti inatengeneza ripoti za kidato kizima usiku, cron, kipanga ratiba cha Linux, inaziita saa kumi alfajiri, mwalimu wa taaluma anazikuta trei asubuhi. Umeme ukiwa umekatika katikati, atazikuta nusu, na nusu nyingine itatoka akinywa chai. Hakuna kilichooza.

Kwa ripoti za wanafunzi kuna jambo jingine dogo lenye madhara makubwa. Ukiziunganisha zote kwenye PDF moja na printa ikachapa pande mbili, mwanafunzi wa pili atakuwa mgongoni mwa wa kwanza. Ama utume kila mwanafunzi kama kazi yake, ama uweke `-o sides=one-sided`. Kazi nyingi ndogo zina faida nyingine, kwamba karatasi ikikwama unarudia mwanafunzi mmoja, hurudii darasa.

Kero ya CUPS ninayoiona zaidi ni foleni kujifunga yenyewe. Kosa fulani likitokea, mpangilio wake unaweza kuisimamisha printa, na tangu hapo kila kazi inapokelewa vizuri, inapewa namba, na haitoki. Skripti inaripoti mafanikio wiki nzima. Mpangilio huo unaubadilisha mara moja:

```
lpadmin -p ofisi -o printer-error-policy=retry-job
```

Na ikiwa imeshajifunga, `cupsenable ofisi` inaifungua. Weka pia ukaguzi kwenye skripti: baada ya dakika kadhaa itazame `lpstat -W not-completed -o ofisi`, na kama kazi yake bado imo, itume ujumbe kwa mtu. Bila hatua hiyo umenunua foleni lakini hukuajiri msimamizi.

Gharama yake ni kompyuta inayowaka muda wote. Raspberry Pi inatosha, ila kadi yake ya kumbukumbu haipendi kukatiwa umeme ghafla. UPS ndogo ya rauta itaivusha.

Windows ikiwa ndiyo iliyopo

Ofisi nyingi za uwakala wa forodha karibu na bandari zina Windows tupu, na kumwambia mwenye ofisi anunue kingine kwa ajili ya kuchapa ni kutafuta ugomvi. PowerShell inafanya kazi hii vizuri kwa maandishi:

```
Get-Content orodha.txt | Out-Printer -Name "Ofisi"
Get-PrintJob -PrinterName "Ofisi"
```

Faida yake kuu ni draiva. Hata ile LBP2900 ya USB inafanya kazi hapa, kwa sababu Windows inachora ukurasa. Foleni ipo, inakaa kwenye diski, inavuka kuzimwa na kuwashwa kama ya CUPS. Kinachoiangusha ni PDF: `Out-Printer` ni ya maandishi, ukiisukumia PDF utapata kurasa na kurasa za alama zisizosomeka. Njia ninayoitumia ni SumatraPDF, iliyo bure:

```
SumatraPDF.exe -print-to "Ofisi" -silent tangazo.pdf
```

Mtego wa pili unawapata wote wanaohamisha skripti kwenda kwenye Task Scheduler, kipanga ratiba cha Windows. Ukiibonyeza mwenyewe inachapa. Ikiitwa usiku haichapi. Printa iliyounganishwa kutoka kompyuta nyingine huwa ni ya mtumiaji yule aliyeiunganisha, na kazi ya usiku ikiendeshwa kwa jina la mfumo haiioni. Isimike printa kwa anwani yake ya IP, kupitia kile Windows inachokiita Standard TCP/IP Port, nayo itaonekana kwa wote. Kwa chini, poti hiyo hutumia ile ile 9100 au LPR, lakini sasa kuna foleni juu yake.

Kwa macho ya haraka:

| | 9100 moja kwa moja | LPD | CUPS na IPP | Windows |
|---|---|---|---|---|
| Printa ikizimwa | kosa papo hapo | kosa papo hapo | kazi inasubiri | kazi inasubiri |
| Karatasi ikiisha | hujui, ila ukiuliza (mfano ESC/POS) | kwa kubahatisha | unaambiwa | unaambiwa, ikitegemea draiva |
| PDF | printa ikiijua tu | printa ikiijua tu | ndiyo | kwa programu ya pembeni |
| Printa isiyojua herufi | haiwezekani | haiwezekani | ikiwa draiva ipo | ndiyo |
| Inahitaji kompyuta ya kati | hapana | hapana | inafaa iwepo | ndiyo |

Kuna mseto unaofaa kutajwa: CUPS yenye anwani ya `socket://192.168.1.60:9100` na kazi zinazotumwa kwa `-o raw`. Unapata foleni juu ya printa ya risiti bila CUPS kugusa baiti zako. Ghala la jumla pale Ngamiani linalotoa hati za kupakia mzigo lingefaidika nayo, kwa sababu hati ya mzigo inaweza kusubiri, kuli hawezi kupakia bila hiyo. Lakini waendelezaji wa CUPS wameshatangaza kwamba foleni ghafi za aina hii zinaelekea kuondolewa. Zinafanya kazi kwenye matoleo ya 2, ila usijenge juu yake kitu unachotaka kidumu miaka kumi.

Vitu viwili vinavyovunja njia zote

Cha kwanza ni anwani. Umeme unakatika, unarudi, rauta inagawa anwani upya, na printa iliyokuwa .50 sasa ni .53. Hakuna itifaki itakayokuokoa. Ingia kwenye rauta, itafute MAC ya printa (namba ya utambulisho wa kifaa), uifungie anwani moja. Kuandika anwani kwenye printa yenyewe pia kunawezekana, ila hapo chagua namba iliyo nje ya zile rauta inazogawa, la sivyo siku moja simu ya mgeni itapewa ile ile. Na kama kebo inafika, tumia kebo. Printa ya Wi-Fi inayolala usingizi ikaamka bila mtandao ni mateso ambayo hayana sababu.

Cha pili ni mlango kuwa wazi. Poti 9100 haina nywila: yeyote aliye kwenye Wi-Fi anaweza kuchapa atakacho. Mwezi Novemba 2018 mtu mmoja alituma karatasi za kumpigia debe mwanayutubu kwenye printa zipatazo 50,000 duniani, kwa kutumia poti hiyo hiyo iliyoachwa wazi kwa intaneti. Usiifungue kwenye rauta ili tawi la Muheza lichape Tanga, weka VPN. Na wageni wa hoteli au mgahawa wawe na Wi-Fi yao, printa na yake.

Kwa hiyo: jikoni na kaunta, 9100 yenye kuuliza hali kwanza. Shule, zahanati, ofisi yenye ripoti za kila siku, CUPS na IPP. Ofisi ya Windows yenye printa ya USB, baki na Windows. Ghala, CUPS juu ya socket kwa sasa, na ukinunua printa mpya tafuta yenye IPP.

Kabla hujakabidhi, fanya majaribio haya mwenye ofisi akiangalia. Toa karatasi zote, tuma kazi, tazama skripti inasema nini. Chomoa kebo ya mtandao, tuma kazi, ichomeke tena baada ya dakika kumi. Mwisho zima swichi ya ukutani katikati ya kazi ya kurasa nyingi, uwashe. Kila mara muulize mwenye ofisi kama kilichotoka baadaye bado anakihitaji. Akisema hapana hata mara moja, toa foleni kwenye kazi hiyo na uweke kosa linaloonekana kwenye skrini ya mhudumu.